Haja Iliyopita, na Namna ya Kuieleza kwa Kiingereza

Siku moja tulijiwa na kijana aliyeshika karatasi mbili mkononi. Kazi yake ilikuwa kupokea na kuhesabu mizigo katika ghala la tajiri mmoja mjini. Jumatatu usiku alipata habari ya kuwa mama yake ni mgonjwa sana huko shamba, na alfajiri akaondoka bila ya kuaga, kwa kuwa saa ile hapakuwa na mtu wa kumwaga. Alirudi siku ya tano, mama akiwa hajambo kidogo. Tajiri hakumfukuza. Alimwambia tu aandike kwa Kiingereza sababu ya kukosa kazini siku nne, ili karatasi hiyo iwekwe pamoja na hesabu ya mishahara. Kijana akaandika, akaipeleka, na jioni akarudishiwa karatasi yake. Maneno matatu ya kwanza yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu, na pembeni pameandikwa neno moja la kuuliza: "Again?", yaani, "Tena?"

Alikuwa ameandika hivi: "I must go home because my mother was sick." Moyoni mwake maneno hayo yalikuwa na maana ya "Ilinibidi niende nyumbani kwa sababu mama alikuwa mgonjwa." Lakini Mwingereza akisoma "I must go" huelewa "Sina budi kwenda", ama sasa hivi, ama kesho. Basi tajiri aliona kwamba mtu huyu, aliyerudi jana tu, ataka kuondoka mara ya pili.

Kijana alimwendea rafiki yake aliyesoma zaidi kidogo, naye akamsahihishia: "I must have gone home." Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana maneno hayo ni sawa na kusema "Bila shaka nilikwenda nyumbani", kama mtu aliyeamka asijue amelala wapi. Bahati njema barua hii ya pili hakuipeleka, akaja kwetu kwanza.

Kijana huyu hakuwa mwongo, wala hakuwa mjinga wa Kiingereza. Alijua majina ya bidhaa zote za ghalani, alijua kuhesabu na kuandika stakabadhi, na katika barua yake hapakuwa na kosa la herufi hata moja. Alipungukiwa na jambo moja tu, nalo ni namna ya kusema haja iliyokwisha pita. Nasi tumewaona wengi wenye upungufu huo, hata walio na vyeti vya shule. Kwa hiyo twataka kulieleza jambo hili polepole, tukianzia katika lugha yetu wenyewe, kwa kuwa kosa hutoka huko.

Katika Kiswahili, haja ndiyo itendayo na mtu ndiye atendwaye. Twasema "ilinibidi", "ilinilazimu", "ilinipasa". Tazama mahali pa mtu katika maneno hayo: yumo katikati, katika ile "ni" ndogo, naye ameangukiwa na jambo. Mwenye nguvu ni ile "i" ya mbele, ambayo ni ile haja yenyewe. Twaweza pia kusema "sikuwa na budi", na neno hilo "budi" tumelipata kwa Waarabu, ambao husema "la budda", yaani hapana njia ya kuepuka. Hata hapo mtu haamui neno; amezungukwa.

Kiingereza hakiendi hivyo. Mwingereza humweka mtu mbele, akasimama kama mwenye jambo lake: "I had to go." Neno kwa neno ni kama kusema "Mimi nilikuwa na kwenda", maneno ambayo Mswahili hawezi kuyasema. Ndiyo maana mwanafunzi atafutaye mahali pa kuiweka ile "i" ya "ilinibidi" hupotea njia. Haipo. Aanze na mtu: "I", "you", "he", "she", "we", "they", au jina la mtu, ndipo aendelee. (Siku hizi twasikia watu wakisema "nilibidi niende", nao wameiga mwendo huu wa kigeni wakauingiza katika Kiswahili. Masikio yetu hayajaridhika nao, na mwanafunzi asidhani kwamba akiharibu lugha ya kwao atakuwa amejifunza ya wenzake.)

Tofauti ya pili ni ya wakati. Kwetu sisi wakati hukaa katika silabi moja, nayo hukubali kubadilishwa bila ya taabu: "yanibidi" leo, "ilinibidi" jana, "itanibidi" kesho. Basi mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "must" ni "lazima" hutaka kulipeleka neno hilo jana kwa njia iyo hiyo. Wengine huandika "I musted", wengine "I must went". Yote mawili si Kiingereza. Neno "must" halina umbo la wakati uliopita, na sababu yake ni ya ajabu kidogo. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na kitenzi "motan", chenye maana ya kuwa na ruhusa, na pia kuwa na lazima. Na wakati wake uliopita ulikuwa "moste". Kitenzi chenyewe kilikufa, likabaki lile umbo la wakati uliopita, na watu wakalitumia kwa mambo ya sasa. Hilo ndilo "must" la leo. Kwa asili yake ni la zamani, basi haliwezi kurudishwa nyuma mara ya pili.

Msomaji mwenye macho atasema: lakini tumeona katika vitabu "He said that he must go." Ni kweli. Mtu anaposimulia maneno ya mwingine, "must" huweza kubaki vile vile, kwa kuwa wakati umekwisha kuelezwa na "said". Mwanafunzi na alijue jambo hili asomapo, lakini aandikapo mwenyewe si lazima alitumie.

Sasa tulitazame neno lililochukua mahali pa "must" katika mambo yaliyopita, nalo ni "had to". Mtu aweza kuuliza: "had" ni "nilikuwa na", sasa laingiaje katika habari ya lazima? Jibu lake limo katika Kiswahili pia. Sisi husema "Nilikuwa na kazi ya kufanya", "Nilikuwa na barua ya kuandika", na kila asikiaye hujua kwamba kazi hiyo yataka kufanywa. Waingereza nao husema "I had a letter to write." Baada ya muda mrefu walizoea kuyasogeza maneno, barua ikahamia mwisho: "I had to write a letter." Hapo maana ikahama pamoja nayo, si kuwa na barua tena, bali ni kulazimika kuandika. Mwanafunzi akilikumbuka daraja hili, "nilikuwa na barua ya kuandika", hatalisahau neno "had to".

Matumizi yake ni mepesi kuliko sehemu nyingi za Kiingereza. Halibadiliki kwa mtu yeyote: "I had to", "she had to", "they had to". Baada yake huja kitenzi kitupu, kisichoguswa: "I had to walk", "I had to sell the goat", "We had to wait for the bus." Hapa ndipo penye kosa lipendwalo na wengi, yaani kupeleka na kitenzi cha pili katika wakati uliopita: "I had to walked", "I had to sold." Wakati umekwisha kuchukuliwa na "had", hautakiwi mara mbili. Katika Kiswahili pia hatusemi "Ilinibidi nilikwenda". Twasema "Ilinibidi niende". Tena msomaji aangalie anaposema kwa mdomo: ile "d" ya "had" humezwa na "t" ifuatayo, ikasikika kama "hattu". Wengi huwasikia Waingereza wakisema hivyo, wasitambue kwamba ni neno walijualo vema katika maandishi.

Kwa kuuliza twasema "Did you have to pay?", yaani, "Ilikubidi ulipe?" Na kwa kukataa, "I did not have to pay", yaani, "Haikunibidi nilipe". Wako wanaokataa kwa "must not". Hilo si kukosekana kwa haja, bali ni katazo: "You must not pay" ni "Usilipe". Mwenye kulipisha nauli akimwambia abiria "You don't have to pay for the child", mtoto aenda bure. Akisema "You must not pay", abiria atauliza kuna nini.

Tumefika sasa penye neno "need", ambalo wengi hulichanganya na "want", na kosa ni letu kwa sababu "kutaka" kwa Kiswahili kwachukua mizigo miwili. Twasema "mtoto ataka peremende", tena twasema "nyumba yataka kuezekwa". Mtoto ana tamaa, lakini nyumba haina moyo wa kutamani, ina upungufu. Tamaa ni "want", upungufu ni "need". Kwa hiyo "The child wanted a sweet", lakini "The house needed a new roof." Ni kweli Waingereza wengine husema "The house wants painting", kama tusemavyo sisi, lakini mwanafunzi afuate njia iliyo wazi. Mgonjwa aliyemwambia daktari "I wanted water all night" amesema kwamba alitamani maji. Aliyesema "I needed water all night" amesema kwamba mwili wake ulikuwa na upungufu wa maji, na daktari aweza kuipokea habari hiyo kwa namna nyingine.

"Needed" hutumika kwa njia mbili. Huweza kufuatwa na kitu: "I needed money", "We needed seed", "She needed help." Au hufuatwa na "to" na kitenzi kitupu, kama vile "had to": "I needed to see the doctor." Hapo ndipo twataka msomaji asimame kidogo, kwa sababu "I needed to see the doctor" na "I had to see the doctor" zafanana sana, nazo haziko sawa. Asemaye "I had to see the doctor", msikiaji huelewa kwamba alikwenda, akamwona. Asemaye "I needed to see the doctor" ameeleza haja yake tu. Pengine alimwona, pengine daktari hakuwapo, pengine nauli haikutosha. Msikiaji atangoja kuambiwa mwisho wake.

Kiswahili hakituonyeshi tofauti hiyo kwa neno moja. "Ilimbidi mtoto anywe dawa mara tatu kwa siku": je, alikunywa? Kwetu sisi maneno yaliyotangulia na yatakayofuata ndiyo yatakayotuambia. Baba amwelezaye daktari mgeni habari za mtoto wake akisema "He had to take the medicine three times a day", daktari aweza kuandika kwamba dawa ilinywewa ikamalizika, wala haikumsaidia, akatafuta dawa nyingine iliyo kali zaidi. Kumbe mtoto aliitapika siku ya kwanza na chupa ingali imejaa nyumbani. Shauri letu ni hili: mambo yakiwa na uzito, usimwachie msikiaji kazi ya kukisia. Ongeza sentensi ya pili. "He had to take the medicine. He did not take it." Sentensi mbili fupi zilizo sawa zatosha kuliko moja ndefu yenye fumbo, na hakuna Mwingereza atakayekucheka kwa ajili ya ufupi.

Hapa panaingia neno ambalo limewaponza watu, nalo ni "should have". Mwanafunzi hufundishwa kwamba "should" ni "kupasa", basi aona kwamba "ilinipasa kulipa" lazima iwe "I should have paid". Maneno ni mazuri, lakini maana yake ni maungamo. "I should have paid" ni kusema: "Nilipaswa kulipa, wala sikulipa."

Tuseme mtu amedaiwa fedha za mbegu alizokopa dukani. Alilipa, tena aliuza mbuzi wake ili alipe, kwa kuwa muda ulikuwa umefika mwezi wa Juni. Mwenye duka amesahau, au amepoteza daftari, amemwandikia barua kali kwa Kiingereza. Naye mtu wetu, ili aonyeshe kwamba aliujua wajibu wake akautimiza, ajibu: "I should have paid in June." Amejifunga kwa mkono wake mwenyewe, na barua ina sahihi yake. Mtu wa tatu akiletewa barua hiyo aamue, ataona kwamba deni limekiriwa. Kumbe alipaswa kuandika: "I had to pay in June, and I paid." Kwa mdomo mtu aweza kuulizwa tena akajieleza, kwa barua haulizwi.

Asili ya maneno hayo yaonyesha kwa nini yana ladha ya deni. "Should" ni wakati uliopita wa "shall", ambalo hapo kale lilikuwa na maana ya kudaiwa. Na nduguye, "ought", ni umbo la kale la "owe", ambalo hata leo ni neno la kudaiwa fedha. Basi asemaye "I should have gone" au "I ought to have gone" ni kama mtu asemaye kwamba deni lake la kwenda lingaliko, hakulilipa. Haya ni maneno mema ya kuombea radhi. Hayafai kwa kujitetea.

Lile "must have", ambalo rafiki wa kijana wetu alilitoa kama dawa, laeleza dhana, wala si haja. "He must have gone" ni kama "Lazima amekwenda", tunavyosema tukimkosa mtu nyumbani na kuona mlango umefungwa kwa kufuli. Kiswahili kina mtego huu huu: "lazima" ni amri katika "Lazima aende", tena ni dhana katika "Lazima amekwenda". Mswahili hutambua kwa umbo la kitenzi kifuatacho. Mwingereza naye hutambua kwa lile "have". Basi kanuni ni fupi: jambo ulilolitenda mwenyewe na walijua, usiliseme kwa "must have".

Kuna tofauti moja nyingine, ndogo, lakini yapendeza. Mtu alikwenda dukani akanunua chumvi; aliporudi akakuta mkewe amekwisha nunua. Mwingereza atasema "I need not have bought salt", yaani, nilinunua, lakini haja haikuwapo. Kama mkewe alimwambia mapema, naye hakwenda dukani kamwe, atasema "I did not need to buy salt." Tofauti ni kwamba katika la kwanza chumvi imenunuliwa bure. Ayaonaye haya kuwa magumu na atumie la pili peke yake, kisha aongeze neno la mwisho: "I did not need to buy salt, but I bought it." Atafahamika vizuri kabisa.

Pengine msomaji ataona kwamba haya yote ni mengi, akatamani njia moja iliyonyooka. Njia hiyo iko. Mwaka 1930 mtaalamu Mwingereza, C. K. Ogden, alitoa Kiingereza kilichopunguzwa, chenye maneno 850 tu, akakiita Basic English, ili wageni wajifunze upesi. Katika orodha ya maneno yake hakulitia "must". Lakini alilitia "necessary". Kwa neno hilo mtu aweza kusema "It was necessary for me to go home." Na tazama sasa: ile "i" tuliyoitafuta hapo kwanza tumeipata! "It" ni "i" ya "ilinibidi", "was" ni "li", "for me" ni "ni", na "necessary" ni "bidi". Sentensi hii yafuata mwendo wa Kiswahili kwa ukaribu kuliko nyingine zote, nayo haina hatari ya kugeuka maungamo au dhana. Ubaya wake ni uzito. Yafaa katika barua ya kazi, lakini mtu akimwambia jirani yake "It was necessary for me to feed the hens", ataonekana kama asomaye hati ya serikali mbele ya kuku.

Tena yako mahali ambapo haja yenyewe ilitoka kwa mtu, wala si kwa mambo. Kiswahili husema "nilitakiwa nirudi", bila ya kumtaja aliyetaka. Kwa Kiingereza ni afadhali kumtaja: "The doctor told me to come back." "The teacher told me to bring a pen." Kwa hivyo msikiaji ajua haja, ajua na mwenye kuitoa, na akitaka aweza kumwuliza.

Turudi kwa kijana wa ghala. Tuliketi naye, tukaandika naye upya, na maneno aliyotaka kuyasema tuliyapata kwake yeye mwenyewe kwa Kiswahili kwanza. Barua ikawa hivi:

"Dear Sir, On Monday night I heard that my mother was very ill. I had to go home at once. I needed to ask for leave, but the office was closed. I should have sent a message the next day. I am sorry. My mother is better now, and I do not have to go again."

Msomaji aone kila neno lilivyowekwa mahali pake. Alikwenda kweli, basi ni "had to". Alihitaji kuomba ruhusa lakini hakuipata, basi ni "needed to", na mara baada yake ikaja sababu. Neno la mwisho lilikuwa jibu la ile "Again?" iliyoandikwa pembeni.

Katika "I should have sent a message" kijana alitukatalia sana. Alisema: "Mmenambia wenyewe kwamba neno hili ni kukiri kosa. Mbona mwanikirisha?" Tukamwuliza kama huko shamba hapakuwa na mtu wa kuja mjini siku ya pili, wala simu ya kuazima. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba dereva wa gari la mboga alipita asubuhi ile, naye ni mtu wa mtaa wao. Basi tukamwambia liache neno libaki, kwa kuwa hapo ndipo mahali pake hasa.

Alikatwa mshahara wa siku mbili, siku mbili akalipwa, na karatasi ikawekwa pamoja na nyingine. Mwezi uliofuata alituletea barua aliyoiandika peke yake, ya kueleza kwa nini hesabu ya magunia ilichelewa. Ilianza vizuri sana: "The pen was broken and I had to bought another one." Tulilipiga mstari lile "bought", tukaandika "buy" juu yake, yaliyobaki yote tukayaacha kama yalivyokuwa.